Mwongozo kamili: jinsi ya kupanda na kutunza pamu nyekundu bustanini bila kuipoteza

Malalamiko ni yale yale kila msimu. Mtu kanunua pamu nyekundu, ile ambayo wengine wanaiita lipstiki pamu, kaipanda sehemu nzuri yenye jua, kaweka samadi, anamwagilia mara mbili kwa wiki kama anavyofanya kwa pamu zingine, alafu baada ya muda makuti yanaanza kukauka kwenye ncha, kahawia inapanda, na mwisho mche wote unaondoka. Anahisi kadanganywa na muuzaji, au anaamini ni mmea wa bahati.

Sio bahati. Pamu hii, jina lake la kitaalamu Cyrtostachys renda, kwao ni kwenye misitu ya kinamasi ya tambarare huko Malaysia, kusini mwa Thailand, Sumatra na Borneo. Mizizi inakaa kwenye udongo uliolowa muda wote, maji yake yana uchachu, hewa ina unyevu na usiku hakuna baridi. Ushauri mwingi tunaopeana kuhusu pamu (acha udongo ukauke kwanza, weka sehemu ya juu isiyotuama maji, pamu zinapenda jua tu) kwa hii unageuka sumu. Ukielewa hapo tu umeshavuka nusu ya safari, iliyobaki ni utaratibu.

Kitu kimoja niseme mapema: kama unakoishi usiku unashuka chini ya nyuzi 15 kwa wiki nyingi mfululizo, usiipande ardhini. Iweke kwenye chombo uweze kuihamishia ndani. Ikifika karibu na nyuzi 10 makuti yanaanza kuharibika, na ikijirudia mche unakufa hata kama kila kitu kingine umefanya sawa.

## Vitu vya kuandaa

Andaa vyote kwanza, maana mche huu ukishatolewa kwenye chombo chake haupendi kusubiri huku we unatafuta mchanga.

- Mche ulioko kwenye chombo, wenye mashina matatu au zaidi
- Ndoo 6 za lita 20 za kokopiti, yaani lile vumbi la makumbi ya nazi
- Ndoo 3 za mboji iliyoiva kabisa
- Ndoo 3 za mchanga mnene wa mto (sio wa baharini, ule una chumvi na vipande vya makombe)
- Nailoni nzito au turubai, mita 2 kwa 2
- Neti ya kivuli inayokata kama asilimia 50 ya jua, na miti ya kuishikilia
- Pipa la kukinga maji ya mvua
- Kipimo cha pH (namba inayoonyesha uchachu: ikiwa chini ya 7 kuna uchachu, ikizidi 7 hakuna), hata kile cha karatasi kinatosha
- Beseni pana la kuwekea chombo
- Matandazo: majani makavu, magome ya miti au makumbi yaliyokatwakatwa
- Mbolea ya pamu inayoyeyuka polepole
- Maka peni

Na hivi visikaribie kabisa: majivu, chokaa, samadi mbichi na vifusi vya ujenzi. Majivu na chokaa vinapunguza uchachu wa udongo, na hapo pamu hii inashindwa kuchukua madini ya chuma hata kama yamejaa ardhini. Najua majivu wengi tunayaamini bustanini, lakini hapa hapana.

## Hatua ya 1: Chagua mche ambao utaishi

Wengi wanachagua kwa rangi. Angalia mizizi kwanza. Inua chombo uangalie chini, unataka kuona mizizi myeupe au ya njano mpauko ikichungulia kwenye matundu. Shika mche pale chini utikise taratibu, kama unacheza cheza kwenye udongo kama mti uliochomekwa jana basi kuna uwezekano mkubwa ni mtoto aliyekatwa kwenye mama hivi karibuni na bado hana mizizi yake. Hawa ndio wanaokufa wakiwa na wiki chache tu nyumbani, na aliyenunua anajilaumu bure.

Angalia pia kuti changa la katikati, lile lililojifunga na kuchongoka. Linatakiwa kuwa gumu na la kijani. Likiwa laini, limekauka au linanuka, acha mche huo hapo hapo ulipo.

Mche mdogo uliotokana na mbegu kutokuwa mwekundu sio kasoro. Miche michanga inakuwa na mabua ya kijani au yenye ukahawia, nyekundu kali inakuja mmea unapokomaa. Kati ya mche mdogo wa kijani wenye mizizi mingi na mtoto mwekundu aliyekatwa jana, mi nachukua wa kijani bila kufikiria mara mbili.

## Hatua ya 2: Mpumzishe mwezi mmoja kabla ya kupanda

Usipande siku ile ile umefika nayo. Kwenye kitalu ilikuwa chini ya neti na inamwagiliwa kila siku, hewa ya kwako ni nyingine. Iweke kwenye kivuli chenye mwanga mwingi, pasipo na upepo mkali, chombo kikae ndani ya beseni lenye maji yenye kina cha sentimita 3 hivi.

Ndio, chombo kikae ndani ya maji. Kwa pamu nyingine ningekwambia utaozesha mizizi, kwa hii ndio mwanzo wa usalama. Ila maji yamwage na kubadilisha kila baada ya siku tatu au nne, maana viluwiluwi vya mbu kwenye joto vinahitaji kama wiki moja tu kukomaa, na hakuna pamu inayostahili kuiletea familia malaria.

Sasa chukua maka peni. Chora mstari mdogo kwenye kuti changa la katikati, na mwingine kwenye bua la kuti la jirani, mistari yote ikiwa kwenye usawa mmoja. Baada ya wiki mbili au tatu angalia. Mstari wa kuti changa ukiwa umepanda juu kuliko wa jirani, mmea unakua. Isiposogea kabisa kwa miezi miwili wakati wa joto, kuna shida kwenye mizizi. Hii njia tutaitumia mpaka mwisho, maana pamu inaweza kubaki ya kijani kwa muda mrefu huku imeshakufa kwa ndani, na mstari ndio unakwambia ukweli mapema.

Ukiona mstari unasogea na hakuna kuti jipya lililokauka, endelea. Usiposogea, acha kwenye beseni, usiharakishe.

## Hatua ya 3: Tafuta sehemu ya chini, sio ya juu

Tembea bustanini baada ya mvua uone maji yanakimbilia wapi. Pale panapobaki na unyevu siku nyingi, ambapo mimea mingine inateseka, ndipo pake. Pembeni ya bwawa la samaki au kidimbwi cha maji baridi ni sehemu bora kuliko zote. (Maji baridi nikimaanisha yasiyo na chumvi. Chumvi haiiwezi, iwe ya ardhini au inayoletwa na upepo wa bahari.)

Kaa mbali na ukuta au msingi wa nyumba angalau mita 2. Saruji na lipu vinaachia chokaa taratibu kwenye udongo na utashangaa kwanini makuti yanapauka upande mmoja. Pia kichaka chake kinapanuka, kinaweza kufika upana wa mita kadhaa na mashina yakapita urefu wa mita 8, hivo usiibane.

Upepo nao. Makuti yake ni membamba na yanakauka haraka yakipigwa na upepo mkavu, kwa hiyo nyuma ya miti mingine au uzio wa mimea ni pazuri zaidi kuliko katikati ya uwanja.

Pima pH ya udongo hapo. Unataka kati ya 5 na 6.5. Ikiwa 7 au zaidi, usikate tamaa lakini fuata hatua ya 4 bila kuruka kitu.

## Hatua ya 4: Chimba shimo linaloshika maji

Hapa ndipo tunatengeneza kinamasi kidogo cha bandia, na kwa maoni yangu hii hatua peke yake inaokoa miche mingi kuliko mbolea zote ukizijumlisha.

Chimba shimo la mviringo, upana sentimita 80, kina 50. Tandika ile nailoni ndani ifunike chini na pembeni. Alafu toboa matundu kama sita au nane kuzunguka pembeni, kwenye usawa wa sentimita 20 kutoka juu. Chini usitoboe. Maana yake maji yatajaa sentimita 30 za chini na kubaki hapo, yakizidi yanatoka kwa matundu ya pembeni, na mizizi ya juu inabaki na hewa. Mizizi ikitaka kutoka baadaye itapitia juu na kwenye matundu hayo.

Kama sehemu yako tayari ni ya majimaji mwaka mzima, ruka nailoni.

Kabla ya kuchanganya, osha kokopiti. Iloweke kwenye ndoo, kamua, mwaga maji, rudia mara mbili au tatu. Kokopiti nyingi zinakuja na chumvi kwa sababu makumbi mara nyingi yanalowekwa kwenye maji yenye chumvi, na chumvi hiyo ndiyo inachoma ncha za makuti ya mche mpya alafu mtu analaumu jua. Baada ya hapo changanya ndoo 6 za kokopiti, 3 za mboji na 3 za mchanga, jaza shimo ukiacha nafasi ya mche.

Wenye udongo wa chokaa ongezeni salfa ya unga kidogo kwa kufuata vipimo vya kwenye pakiti. Inafanya kazi polepole kwa sababu bakteria wa udongoni ndio wanaoigeuza kuwa asidi, inachukua miezi, kwa hiyo usiongeze kila wiki kwa sababu huoni tofauti. Na siki ya jikoni usimwage, haidumu na ukizidisha unaunguza mizizi.

Mwaga maji kwenye shimo lililojazwa mpaka yaanze kutoka kwenye matundu ya pembeni. Kesho yake ingiza mkono chini kabisa. Kama kumelowa chepechepe na juu kuna unyevu tu, shimo limekubali. Kama chini kumekauka, nailoni ina tundu, itoe uanze upya maana ukishapanda hutaweza kuirekebisha.

## Hatua ya 5: Kupanda

Panda jioni, mwanzoni mwa mvua kama una nafasi ya kuchagua. Kama huna, panda tu lakini neti iwe tayari juu.

Mwagilia mche kwenye chombo masaa mawili kabla, udongo ushikane. Kama ni chombo cha plastiki laini au kiriba, kikate kwa pembeni badala ya kuvuta mche kwa mashina. Usifumue mizizi, usiikate, usiioshe. Hii tabia ya kufumua mizizi ili isambae tunaifanya kwa miti ya matunda, kwa pamu hii kila mzizi uliokatika ni kuti litakalokauka mwezi ujao.

Kina cha kupandia kiwe kile kile ilichokuwa nacho kwenye chombo. Ukiizamisha sana chini, shingo za mashina zinakosa hewa na watoto wanaotaka kuchipua wanaoza. Jaza udongo pembeni, bonyeza kwa mikono sio kwa miguu, mwagilia mpaka mapovu yaishe.

Weka matandazo unene wa sentimita 8 mpaka 10, lakini yasiguse mashina, acha nafasi ya kiganja kimoja. Matandazo yanazuia jua lisikaushe juu, yakioza yanaongeza uchachu kidogo, na minyoo inafurahi.

Wiki mbili za mwanzo kuti moja au mawili ya chini kabisa kukauka ni kawaida, mmea unajipanga upya. Makuti ya juu kukauka sio kawaida, ukiyaona hayo angalia maji siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 6: Maji, na hapa naomba usome taratibu

Watu wananiambia namwagilia sana. Nikiuliza sana ni kiasi gani, jibu ni kila baada ya siku mbili. Kwa pamu hii kwenye joto hiyo ni kiu.

Utaratibu: miezi sita ya kwanza mwagilia kila siku isiyo na mvua, kama lita 20 kwa mche ulio ardhini, na kukiwa na joto kali gawanya asubuhi na jioni. Baada ya hapo usifuate kalenda, fuata kidole. Ingiza kidole chini ya matandazo mpaka kiungo cha pili, udongo ukiwa umelowa acha, ukiwa na unyevu wa kawaida tu mwagilia, ukiwa mkavu umeshachelewa. Yaani tofauti na mimea mingine ambayo unasubiri ikauke ndio unywesheze, hii haitakiwi ifike kwenye ukavu hata mara moja, kwa sababu mizizi yake midogo inayonyonya maji inakufa haraka ikikauka alafu hata ukimwaga pipa zima baadaye hakuna kitu cha kuyanyonya, na ndio maana unaona mtu anasema niliacha siku nne tu nikiwa safarini, nikarudi nikamwagilia sana, lakini makuti yakaendelea kukauka wiki tatu mbele.

Ukisafiri tafuta mtu. Kama ni chombo, kiweke kwenye beseni lililojaa nusu.

Aina ya maji ina uzito sawa na wingi wake. Maji ya mvua ni namba moja. Maji ya kisima yenye chumvi au yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika yanaleta shida mbili, chumvi inachoma ncha na chokaa inapandisha pH. Kama huna mengine, kinga mvua kadri unavyoweza, tumia ya kisima kwa kuchanganya nusu kwa nusu, na mara moja kwa mwezi mwaga maji mengi ya mvua kwa mpigo ili yasukume chumvi itoke. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi usiku mmoja kabla ya kutumia, klorini nyingi itapungua.

Kupulizia makuti maji asubuhi kunasaidia kupunguza utitiri na kuongeza unyevu hewani. Haichukui nafasi ya kumwagilia chini. Nimeona mimea inapuliziwa mara tatu kwa siku huku mizizi imekauka kabisa.

Kama unataka kuiweka ndani ya bwawa moja kwa moja, inawezekana, ila ipeleke kwa awamu. Mizizi iliyoota kwenye udongo wa kawaida ikizamishwa ghafla inaoza, ile inayoota ndani ya maji ndio inavumilia. Anza na maji yanayogusa chini ya chombo, ongeza sentimita chache kila wiki mbili, na uishie pale maji yanapofika nusu ya chombo.

## Hatua ya 7: Jua kwa kiasi

Mche ambao haujafika urefu wa mita moja ukae chini ya neti ya asilimia 50. Ukishavuka hapo na mstari wa maka peni unasogea vizuri, anza kuuzoesha: wiki ya kwanza na ya pili toa neti asubuhi mpaka saa tatu, wiki zinazofuata mpaka saa tano, alafu uache wazi kabisa ikiwa ni kipindi cha mawingu au mvua. Ukitoa neti ghafla wakati wa kiangazi utapata mabaka meupe yanayogeuka kahawia katikati ya kuti, hilo ni jua, halina dawa, kuti hilo limeshaungua na unasubiri mapya.

Rangi inategemea jua hili. Kwenye kivuli kizito mmea unaishi vizuri tu lakini mabua na ile ala inayofunika shina juu vinabaki na wekundu uliofifia. Nusu siku ya jua, hasa la asubuhi, inatosha kuleta nyekundu kali kwa mmea uliokomaa. Jua la siku nzima linawezekana pale tu ambapo mizizi imelowa muda wote na hewa ina unyevu.

## Hatua ya 8: Mbolea

Usiweke kitu miezi mitatu ya kwanza. Mizizi mipya inaungua.

Baadaye tafuta mbolea ya pamu inayoyeyuka polepole. Kwenye mfuko soma namba: wataalamu wa pamu wa Chuo Kikuu cha Florida walipendekeza kwa miaka mingi uwiano wa 8-2-12 (yaani naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa mpangilio huo) pamoja na magneziamu asilimia 4, na sababu yake ni kwamba pamu zinahitaji potasiamu nyingi kuliko naitrojeni. Mbolea ya mahindi au ya majani ya nyasi ina naitrojeni nyingi, inasukuma makuti haraka kuliko potasiamu iliyopo, na makuti ya zamani yanalipa gharama. Sambaza juu ya udongo kuzunguka kichaka mara tatu au nne kwa mwaka kwa kipimo cha kwenye mfuko, mche mdogo upate robo ya hicho. Mwagilia hapo hapo.

Majani yatakwambia kinachokosekana:

Makuti mapya yamekuwa ya njano lakini mishipa bado ya kijani, hiyo ni chuma, na mara nyingi chanzo ni pH kubwa. Rekebisha maji kwanza, alafu tumia chuma cha kelati, yaani kile kilichotengenezwa kiwe rahisi kwa mmea kukinyonya.

Makuti ya zamani yana vidoadoa vya njano au rangi ya chungwa na ncha zimekauka, hiyo ni potasiamu. Usiyakate. Pamu inanyonya potasiamu kutoka kwenye makuti ya zamani kuyapelekea mapya, ukiyakata mapema unaiba akiba yake na njaa inapanda kwenye kuti linalofuata. Kata kuti pale tu limekuwa kahawia lote.

Makuti ya zamani yana utepe mpana wa njano pembeni na katikati kijani, ni magneziamu.

## Hatua ya 9: Wadudu na kuoza

Hewa ikiwa kavu utitiri mwekundu unakuja. Utaona vumbi vumbi na vitone vidogo vya rangi ya fedha upande wa chini wa majani, ukichunguza kuna utando mwembamba. Osha kwa maji yenye nguvu chini ya majani siku tatu mfululizo, alafu pulizia mwarobaini uliochanganywa na sabuni ya maji kidogo, jioni tu. Vidung'ata na wadudu wa magamba kwenye maungio ya mabua wafute kwa kitambaa chenye spiriti.

Kuti la katikati likichomoka ukilivuta kidogo na linanuka, moyo wa shina hilo umeoza. Kila shina la pamu lina ncha moja tu ya kukulia, ikifa shina halichipui tena. Uzuri wa hii ni kwamba ina mashina mengi, kwa hiyo kata lililooza mpaka chini, choma mabaki, safisha msumeno kwa spiriti kabla hujagusa lingine.

## Hatua ya 10: Kupata miche mipya

Watu wanaona watoto wanachomoza pembeni ya mama na wanawang'oa kwa jembe kama wa mgomba. Mtoto wa mgomba ana tunguu lenye chakula, huyu hana. Anakaa muda mrefu akinyonya kwa mama bila mizizi ya maana, ukimkata anakauka tu.

Fanya hivi. Chagua mtoto mwenye makuti matatu au zaidi na urefu wa karibu mita moja, kwenye kichaka kilichoshiba. Rundika kokopiti iliyolowa kuzunguka shingo yake, funga kwa nailoni isikauke, na ilowanishe kila siku. Subiri miezi mitatu mpaka sita. Fungua uangalie, mpaka uone mizizi myeupe minene yenye urefu wa kidole, bila hiyo funga tena.

Mizizi ikiwepo, kata nusu ya sehemu inayomuunganisha na mama kwa msumeno safi. Acha mwezi mmoja na nusu. Kisha malizia kukata, mwinue na udongo wake wote, mpande kwenye chombo chenye mchanganyiko ule ule, punguza kuti moja au mawili ya chini na umfunike kwa nailoni angavu kwenye kivuli, chombo ndani ya beseni. Fungua nailoni kidogo kidogo kuanzia wiki ya sita. Chora mstari siku ya kwanza. Kuna watakaokufa hata ukifanya yote haya, kwa hiyo usikate watoto wote mara moja, na mama akiwa na mashina chini ya matano mwache kabisa.

Kwa mbegu, hesabu ni tofauti. Tunda likiwa jeusi limeiva. Ondoa nyama yote, loweka mbegu siku moja, panda siku hiyo hiyo au kesho yake kwenye kokopiti na mchanga, ifunike kidogo tu, kwenye boksi la plastiki lenye kifuniko angavu, joto la nyuzi 28 mpaka 32. Usianike mbegu juani na usiweke kwenye friji, ikikauka inakufa, na mbegu kuukuu zilizosafirishwa wiki nyingi ndio sababu kubwa ya watu kusema hazioti. Kuota kunachukua miezi miwili, mitatu, wakati mwingine zaidi, kwa hiyo usimwage boksi mapema. Jani la kwanza linatoka limegawanyika mara mbili. Mche ukiwa na majani mawili hivi uhamishie kwenye kiriba chake bila kuvunja mzizi, kiriba kwenye beseni, beseni kivulini, na urudi hatua ya 2.